Shangazi alivyotia chumvi pilipili zangu za majini, na mpaka leo anataka nimshukuru

Wakuu, salaam kwenu nyote, pamoja na mnaosoma kazini kwa kujificha.

Haya sikuhadithiwa, yalinipata mimi mwenyewe. Nimeyakalia miaka mingi. Kilichonifanya niandike leo ni kwamba juzi, kwenye arusi ya binamu yangu, niliyasikia yakisimuliwa kinyume mbele ya watu, na mimi nipo hapo hapo na sahani yangu ya biriani. Chakula kikanishinda.

Someni kwanza, halafu mnihukumu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msaidizi wa maabara katika sekondari moja hapa kisiwani Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo, kuchanganya dawa za majaribio na kufunga makabati. Niliishi na mama, Mungu amrehemu, Mji wa Kale, ghorofani, katika nyumba ya zamani ya boriti na chokaa. Kichochoro chetu ni chembamba kiasi kwamba jirani akikaanga samaki, unayekohoa ni wewe.

Mama alikuwa mtu wa achari ya pilipili. Watu walituma watumishi na watoto wao kutoka Majengo na Makupa kuja kuomba chupa kabla ya arusi. Siri yake haikuwa ndimu wala siki. Ilikuwa pilipili yenyewe, ndogo, ya manjano, imejikunja kunja, na harufu yake inakufikia kabla ya ukali. Bibi yangu aliipanda shambani kwake Kisauni na hatukuwahi kuiona kwengine.

Wajomba wakaliuza shamba. Tingatinga likapita. Katika watu wazima wote waliotia sahihi siku ile, hakuna aliyekumbuka kuchuma hata pilipili moja.

Hilo ni donge la kwanza, nalo bado lipo.

Mama akabaki na mbegu arobaini na moja ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi. Alijaribu kupikia pilipili za Marikiti. Akaonja, akafunga mfuniko, akasema, "Hii ni achari ya watu wengine." Akaacha kupika kabisa.

Kwa hivyo elewani vizuri hapa: zile mbegu zikifa, basi. Hakuna duka la kwenda kununua nyingine.

Nikamwambia mama nitazipanda. Akauliza wapi. Ua hatuna. Juu ya bati kuna kunguru, na kunguru wa Mombasa hawaachi jani. Nikasema basi nitaleta udongo, niweke makopo chumba cha nyuma.

"Udongo ulete mchwa waje wale milango ya babu yako?" akasema. "Mimi ni hai bado."

Ndipo Mwalimu Ouma, mwalimu wetu wa kemia, mtu wa bara mpole sana, akanipa karatasi alizozitoa fotokopi. Hydroponics. Kupanda bila udongo, mizizi inaning'inia ndani ya maji yenye chakula chake. Nilizisoma karatasi zile mpaka zikachakaa. Chakula chenyewe kilikuwa chumvichumvi nilizokuwa nikizipima kila siku kazini, na Mwalimu akanisaidia kupata zetu wenyewe kwa muuza mbolea.

Nikatafuta ndoo sita za rangi, nikazisugua, nikatoboa vifuniko. Nikanunua pampu ndogo ya kupulizia hewa kwenye matangi ya samaki. Nikafunga taa za tyubu kwa sababu chumba hakioni jua. Kushikilia miche sikutumia sufi za kizungu zilizoandikwa kwenye karatasi, nilitumia makumbi ya nazi.

Na hapa nikiri. Makumbi ya kwanza niliyapata kwa msuka kamba. Mswahili mzima, nimezaliwa hapa, na sikukumbuka kwamba makumbi ya kamba hufukiwa ufukweni miezi ili yalainike. Yamelewa bahari. Miche yangu ya kwanza, yote kutoka mbegu ishirini, ikaungua kwa chumvi ndani ya wiki moja.

Nilikaa chini nikalia. Sioni haya kusema.

Zikabaki ishirini na moja. Nikatafuta makumbi makavu, nikayaosha na kuyaosha tena. Nikatia mbegu zote, maana zilikuwa zinazeeka. Zikaota sita tu. Ndoo sita, miche sita.

Wakuu, ile miche niliilea. Maji ya bomba Mji wa Kale yanakuja akitaka Mungu, na kisima chetu ni cha chumvi, kwa hivyo kila tone tamu nililibeba ngazini kwa mtungi. Umeme ukikatika nilipuliza hewa kwa pampu ya baiskeli, ndoo baada ya ndoo. Maua yalipotoka nilikuwa nyuki mimi mwenyewe, kwa unyoya wa kuku. Mama alilalamika tu kwamba chumba kinakoroma. Lakini nilimkuta mara mbili amesimama mlangoni, anavuta harufu ya majani.

Mche mmoja ulitangulia wenzake. Ukaiva pilipili saba. Saba za manjano, zile zile.

Nikamwambia mama waziwazi kwamba hizo haziliwi. Ni za mbegu. Nitazichuma Ijumaa.

Alhamisi nikarudi kutoka kazini nikakuta mche mtupu.

Ikawa hivi: Mama Rukia, jirani yetu wa chini ya kichochoro, alikuwa ameleta vibibi, vile vya mchele na nazi, kwa sahani. Na kwetu, kama mjuavyo, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Utatia hata ndimu mbili, hata kipande cha sukari guru. Siku ile mama hakuwa na kitu jikoni. Akaosha sahani, akatia pilipili zangu saba, akairudisha.

"Ningeirudisha kavu?" akaniuliza. "Watu wangesemaje?"

Nilipaza sauti. Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba amemuuza bibi kwa vibibi vinne. Alichukua mtandio akaenda kukaa barazani, na sisi tukawa hatusemi vizuri kwa muda. Mama Rukia naye nikawa namsalimia kwa kichwa tu, nimenuna, kama kwamba alivunja mlango akaiba.

Lakini nikajituliza. Miche mitano iliyobaki ilikuwa imejaa vijipilipili vya kijani. Nilihitaji wiki chache tu.

Ndipo akaja Shangazi Mwanasha kutoka Malindi.

Dada wa marehemu baba. Alikuja kwa arusi ya watu, akafikia kwetu, kama desturi. Na kosa la kumfungulia chumba ni langu, maana nilikuwa na kiburi nacho. Majani ya juu yalikuwa yameanza umanjano kidogo, upungufu wa madini ya chuma tu, dawa nilikuwa nimeshaipima. Shangazi akaizunguka miche yote sita, mikono nyuma.

"Mashallah," akasema kwa sauti ndogo. "Hini mimea umeionesha nani mwengine?"

Nikamtajia. Wenzangu wa kazini, watu wa kichochoroni, muuza mbolea.

"Basi yapigwa mato, mwanangu. Huoni yageuka rangi yote? Hasadi hiyo."

"Si kijicho, Shangazi, ni upungufu wa chuma. Kesho nitaitia dawa."

"Haya," akasema.

Wakuu, mtu wa pwani akikwambia "haya" kwa sauti ile, usiende kazini.

Mimi nikaenda.

Mnajua mtoto akipigwa kijicho huzungushiwa chumvi ya mawe na pilipili kavu kichwani, kisha vikatupwa motoni. Shangazi akapiga hesabu yake. Pilipili ipo, ndiyo mgonjwa mwenyewe. Moto utaunguza. Kilichobaki ni chumvi. Akafunua kila ndoo, akasoma alichosoma, akatia konzi ya chumvi, akafunika vizuri.

Niliporudi nilikuta punje nyeupe juu ya kifuniko. Nikachovya kidole ndani ya maji, nikaonja. Bahari.

"Shangazi, kuna mtu ameingia chumbani?"

"Ni mimi. Nimeitilia chumvi kidogo, kuiondolea mato. Kesho utaona."

Ningekuwa na mtu wa rika langu mbele yangu, sijui leo ningekuwa naandikia wapi. Lakini huyu ni dada wa baba yangu, aliyenibeba. Nikasema, "Ahsante, Shangazi." Nimesema ahsante! Mpaka leo neno hilo linanikwaruza koo.

Nikamwaga ndoo zote. Bomba lilikuwa kavu siku ya nne, kisima ni cha chumvi, na maji matamu ndani ya nyumba yalikuwa mitungi miwili. Nikasuuza mizizi kwa kikombe, nikiyagawa kama dawa. Baada ya siku tatu majani yalikuwa yamelala. Vipilipili vikaanguka vikiwa vya kijani. Nikavipasua vyote, mbegu ndani zilikuwa laini, nyeupe, hazijawa kitu.

Mama alisimama mlangoni akatazama. Alikwenda jikoni akazipanga chupa zake tupu za achari ndani ya boksi, akalisukuma chini ya kitanda. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa.

Ikapita miezi, Ramadhani ikaingia. Magharibi moja ikaletwa sahani kutoka kwa Mama Rukia, bajia na kibakuli cha chatini. Mama akachovya bajia, akatia kinywani. Akaacha kutafuna.

"Salim," akaniita. "Njoo uonje."

Sikuhitaji kuonja, harufu ilikuwa imeshanifikia.

Nilishuka ngazi bila viatu. Kwa Mama Rukia kuna kiua kidogo nyuma, amekifunika kwa waya kwa ajili ya kuku wake. Kwenye kona, ndani ya karai bovu lililotoboka, ulisimama mti wa pilipili unanifika kifuani. Umejaa manjano tupu.

"Mama Rukia, hii uliipanda lini?"

"Kupanda?" akacheka. "Zile za mama yako zilikuwa kali, zikanishinda. Nikatumia moja, zilizobaki nikazitupa humo. Namwagia maji ya kuoshea vyombo."

Udongo, wakuu. Udongo na maji ya vyombo! Hakuna pampu, taa wala unyoya wa kuku. Nilisimama pale sijui nicheke au nilipige teke lile karai.

Nikapanda ngazi na mkono umejaa pilipili. Mama alikuwa ameshalivuta lile boksi kutoka chini ya kitanda. Nilitafuta maneno ya kumwomba radhi, hayakuja. Nikakaa chini, nikaanza kumtolea vikonyo, yeye anapanga chupa. Achari ya kwanza ilipokuwa tayari, alijaza sahani ya Mama Rukia mpaka ukingoni, akanitazama.

"Irudishe sahani ya watu," akasema.

Nikairudisha mimi mwenyewe, kwa mikono miwili.

Sasa, la juzi arusini. Shangazi Mwanasha, umri mrefu Mungu amempa, anawaambia wageni kwamba pilipili za bibi zilikuwa zimepigwa kijicho, zikakaribia kufa, akazitia chumvi, na ndiyo maana mti wa Mama Rukia ukashika vile. Watu wanatikisa vichwa kwa kustaajabu. Akanigeukia: "Si kweli, Salim?"

Nikasema kweli, Shangazi. Mara ya pili hiyo.

Na mtaani kwetu leo zinaitwa pilipili za Mama Rukia. Shamba la bibi hakuna anayelijua.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi niliyezifungia chumbani nilizipoteza zote. Aliyezitoa ni mama, nami nilimpazia sauti kwa hilo, na amekufa sijamwambia kwamba alikuwa sahihi.

Basi mbegu ninazo, nyingi, za kutosha kugawa. Anayetaka aandike hapa chini, nitampa bure, apande kwa udongo au kwa maji, shauri yake. Na mwenye shangazi kama wangu naye aseme alifanyaje, maana mimi bado nina hasira.

Ila ukipanda, zikizaa, ziite pilipili za Bibi wa Kisauni. Na usizile zote peke yako, mtilie jirani kwenye sahani.