Mvinyo wa Sanduku wa Bi Deolinda

Mvinyo wa marehemu Serafim ulikuwa mkali hata mwaka mmoja tone lake lilipodondoka kwenye ngazi ya mbele, katikati ya Januari, barafu haikushika tena pale mpaka Pasaka. Padri naye alionjeshwa kikombe kabla ya misa, akawabariki waumini mara mbili, na hakuna aliyelalamika. Asiyeamini aende mji wa Galt, ng’ambo ya bahari, akawaulize Wareno waliohamia huko kutoka visiwani. Ngazi ipo hadi leo.

Kwa hiyo Serafim alipofariki, wakati theluji inaanza kuyeyuka, wengi walimlilia yeye na wakalililia na pipa lake. Mkewe, Bi Deolinda, alimlilia mtu peke yake. Pipa hakulikumbuka mpaka Septemba, malori ya zabibu yalipowasili kutoka California na wanaume wakaanza kubeba makreti kuyaingiza kwenye gereji zao. Mtaa mzima ukanuka zabibu zilizopondwa, isipokuwa nyumba yake.

Jumapili moja, nje ya kanisa, shemeji yake Gualberto akamvuta pembeni. Gualberto ni mdogo wake Serafim, mtu mfupi mwenye masharubu mazito na sauti ya tarumbeta, na tangu msiba ndiye aliyerithi kuongoza msafara wa Mtakatifu Martini. Sikukuu ya mtakatifu huyo ikifika, mwezi wa Novemba, mvinyo mpya hufunguliwa, na wanaume hupita nyumba kwa nyumba na njugu kubwa za kuchoma mifukoni, wakionja, wakimsifu mwenye nyumba usoni na kumsengenya wakifika kwa jirani. Kituo cha kwanza siku zote kilikuwa kwa Serafim.

“Shemeji, mwaka huu usijihangaishe,” Gualberto akamwambia. “Tutapita kukusalimu. Wewe tubandikie chai tu.”

Aliyasema kwa huruma, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Matusi Bi Deolinda angeyajibu, tena kwa nyongeza. Lakini chai! Mjane Idalina wa mtaa wa pili aliwapa chai. Mwaka uliofuata wakampungia mkono dirishani, na ule mwingine wakashika njia nyingine kabisa. Nyumba haifi siku mwenyewe anapozikwa. Nyumba hufa siku wageni wanapoanza kupewa chai.

Akarudi nyumbani na uchungu huo. Afanyeje sasa? Viganja vyake vilikuwa vimeliwa na baridi yabisi, hata kifuniko cha chupa ya jemu kilimshinda, sembuse ule mtambo wa kukamulia, ambao Serafim mwenyewe aliuzungusha huku akiwataja watakatifu wote na baadhi ya mashetani. Na kumwomba Gualberto msaada ilikuwa sawa na kubandika birika mwenyewe.

Aliyemletea dawa ya uchungu wake ni bintiye Natália, anayefanya kazi ya kusafisha watu meno. Aliingia na sanduku la karatasi ngumu kutoka duka moja karibu na wauza matairi. Ubavuni lilichorwa kasri ambalo Ureno nzima halipo.

“Zabibu zimo humu, Mama, zimeshakamuliwa. Unaongeza maji, unasubiri, basi.”

Bi Deolinda akalitazama lile sanduku kama anavyotazamwa mkwe aliyekuja mikono mitupu. “Baba yako hajamaliza mwaka ardhini, unataka aanze kugaagaa?”

Lakini akaikumbuka chai. Akamwambia bintiye alishushe kwenye chumba cha chini, tena upesi, jirani asije akaliona.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Natália akampangia kila kitu mezani: ndoo nyeupe yenye kifuniko, mtungi mkubwa wa kioo, mfuko wa maji mazito ya zabibu, na safu ya vipakiti vya unga. Akaeleza kazi ya kila kipakiti. Mama mtu akaitikia kila neno, kama anavyomwitikia daktari, yaani bila kusikiliza. Gari lilipokata kona tu, akaumimina ule mfuko ndoani, akatia maji ya bomba, akakoroga kwa mwiko wa Serafim. Kisha akavikusanya vile vipakiti vyote, akavitupa kwenye taka na kuvifunika kwa maganda ya viazi.

Msimlaumu. Serafim maisha yake yote hakutia unga kwenye mvinyo. Mvinyo, alikuwa akisema, unataka zabibu, subira na mtu wa kufunga mdomo. Wanaume wa Galt wangekubali kuibiwa gari kuliko kusikia mvinyo wao umetiwa dawa.

Basi akafunika ndoo, akangoja ichemke. Ya Serafim ilikuwa ikichemka mpaka vyombo vinatikisika kabatini. Hii ikakaa kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha ndoo ile hakikuwa na mshindo wala mnong’ono. Kila alfajiri Bi Deolinda alishuka, akatega sikio kwenye plastiki kama mkunga kwenye tumbo la mja mzito, akapanda tena na uso umemshuka. Natália alipopiga simu kuuliza, alijibiwa kwamba inatokota kama sufuria ya maharage. Mwisho Bi Deolinda akaigeukia picha ya mumewe ukutani.

“Umeninunia kwa sababu ya sanduku,” akaiambia. “Sawa. Nuna. Lakini ujue wakija hao watakunywa chai nyumbani mwako.”

Natália alikuja wikendi ya Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Oktoba, maduka yote yamefungwa. Akafunua ndoo, akanusa, akamgeukia mama yake.

“Mama, hamira iko wapi?”

“Hamira ya nini? Ninaoka mkate?”

“Kimojawapo cha vile vipakiti kilikuwa hamira. Bila hamira hii ni juisi, na itabaki juisi mpaka ioze.”

“Baba yako aliwahi kutia hamira?”

“Baba alikuwa na maganda. Lile vumbi jeupe juu ya zabibu ndilo hamira yake. Hizi za sanduku zimekuja zimevuliwa nguo.”

Bi Deolinda alikuwa akitazama nje kupitia kidirisha, kwenye kichanja cha uani. Juu yake ulitambaa mzabibu ambao kijiti chake Serafim alikivusha bahari ndani ya soksi. Afisa wa forodha alipouliza kwa nini mguu umevimba, alimjibu ni ugonjwa wa ukoo. Ulizaa zabibu nyeusi zenye harufu nzito, zile za kisiwani. Mwaka ule hakuna aliyezichuma. Bi Deolinda hakuweza hata kusimama chini yake, akawaachia ndege.

“Lete kiti,” akasema.

Akapanda mwenyewe, bintiye akimshika kiuno na kumsihi ashuke. Akachuma walichosaza ndege, akajaza beseni, na Natália alipofungua bomba azioshe, akamchapa kofi mkononi. Hilo vumbi ndilo walilolifuata. Viganja vilipokataa kuponda, akavua soksi, akasugua miguu kwa sabuni, akaingia mzima mzima ndani ya beseni. Akakanyaga, gauni limepandishwa magotini, mikono mabegani mwa bintiye, kama wanacheza ngoma ya harusi. Walicheka mpaka wakalia, halafu wakalia kweli kidogo, halafu wakamimina vyote ndoani.

Siku mbili tatu baadaye ndoo ikaanza kunong’ona. Mwisho wa juma kifuniko kiliruka, kikagonga dari, na inasemekana alama ya duara bado inaonekana pale.

Sikukuu ya Mtakatifu Martini ikafika. Wanaume wakaingia kwa Bi Deolinda kofia mkononi, kama watu wanaokuja kumwona mgonjwa. Wakaketi wakisubiri birika. Akatoka jikoni na jagi la Serafim, akamjazia Gualberto wa kwanza. Ulikuwa mvinyo mchanga, bado haujatulia ukang’aa, lakini ile harufu ilitangulia kikombe. Gualberto akanusa. Akanywa. Chumba kizima kikamwangalia. Macho yakamlowa, akajipangusa masharubu ambayo hayakuwa na kitu.

“Huu ni wa nyumbani, kisiwani,” akasema polepole. “Shemeji, zabibu umezipata wapi?”

“Dukani,” akajibu Bi Deolinda. “Karibu na wauza matairi. Ndani ya sanduku.”

Wakaangua kicheko, wakagongana vikombe, wakasema huyu mama hajabadilika. Hawakuondoka mpaka jagi lilipokauka, na nyumba nyingine zikangoja.

Kesho yake Gualberto akabisha mlango wa jikoni, peke yake, kiganja kimebana kiuno. Akazungumzia baridi, akazungumzia bei ya mbao, akazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga.

“Shemeji,” akasema mwishowe, sauti ya tarumbeta imekuwa ya filimbi. “Jana nimewaza. Mgongo wangu huu na ule mtambo… Lile sanduku. Ulikuwa unatania, au lipo?”

Bi Deolinda akamvutia kiti, akabandika birika.

“Lipo. Keti tunywe chai kwanza,” akasema, “halafu nikuonyeshe vitu ambavyo usivitupe.”