Matusi ya Dunguni

Zamani kijiji chetu kiliamshwa na matusi ya shangazi yangu. Siku hizi kila mtu ana simu ya kumwamsha, na hakuna anayeamka.

Kazi ya shangazi ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza wasile nafaka. Mtama ulipoanza kutoa masuke, alipanda dunguni, kile kichanja kirefu katikati ya mashamba, akiwa na debe, kombeo na mdomo. Debe na kombeo vilikuwa vya kusindikiza tu.

Hakuwatukana ndege hivihivi. Kila mmoja alimpa sura ya jirani. "Wewe mwenye shingo ndefu, mkeo analima, wewe unalewa." Ndege waliruka, na huko bondeni mlevi mmoja alishika jembe. Historia ya kijiji hiki sikuisoma popote. Niliisikia kutoka juu.

Mwaka ambao mwenyekiti wa kijiji alisogeza mawe ya mpaka na kumega shamba la mjane, shangazi alimwona ndege mnene.

"Kitambi wewe, umemaliza kwako, sasa unahamia kwa mjane?"

Mwenyekiti akamshusha. Alisema kijiji kinahitaji ustaarabu. Dunguni akasimamisha sanamu la nyasi, akalivika koti lake mwenyewe. Shangazi alikaa ndani kageukia ukuta, chakula anakisogeza tu. Hakuwa na mume, hakuwa na shamba. Alikuwa na dungu.

Siku ya kwanza ndege waliliogopa koti. Halafu wakalizoea, wakalinyea mabegani, wakashukia mtama wa mwenyekiti, maana ndio uliokuwa karibu. Mwenyewe akaja mlangoni kwa shangazi, kofia mkononi.

"Dada, rudi dunguni."

"Nirudi na mdomo, au niuache nyumbani?"

"Rudi nao."

"Na yale mawe?"

Akakuna kidevu. "Yatarudi."

"Yakisharudi, nitapanda."

Aliyabeba mwenyewe, shangazi nyuma yake akigonga debe.

Mwenyekiti alishakufa. Wanawe, wenye vyeti vyao, wamejaza mikaratusi kila mahali, mti ambao ndege hali wala mtu hali. Dungu walilipasua kuni. Mipaka bado inasogezwa, ila kimyakimya, kistaarabu.

Mara ya mwisho nilimkuta shangazi barazani, sahani ya makombo mapajani. Shomoro mmoja mnene alitua miguuni pake, akaanza kudonoa. Nikangoja. Shangazi alifungua mdomo, akamkazia macho, kisha akamsogezea punje nyingine kwa kidole cha mguu.

"Kula, mwenyekiti," alisema. "Wenzetu wameisha."