Jiwe Jeupe Kwenye Shamba la Ulezi

Sina subira, na kila mwanafunzi niliyemfundisha Jiografia analijua hilo. Miaka ishirini na mbili nimechora ubaoni mistari ya latitudo na longitudo, nikawaambia watoto inakatana, na mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga hata mahali pamoja inapokatana. Kwa hiyo siku mwalimu wa Fizikia aliposema kwamba nyuzi nane kusini na thelathini na moja mashariki zinakutana huku huku Ufipa, upande wa kuteremkia ziwani, roho yangu haikutulia tena.

Tulitoka Sumbawanga Jumamosi moja ya Julai, walimu watano kwenye gari la kukodi. Baridi ilikuwa inauma mpaka dereva alijifunga kitenge cha mkewe kichwani na hakuna aliyemcheka. Nilitaka tuondoke saa kumi na mbili asubuhi. Tukaondoka saa mbili, kwa sababu mwalimu wa Fizikia alirudi shuleni kuchukua jiwe. Alikuwa amelipaka chokaa, kama yale yaliyopangwa kandokando ya njia ya kwenda ofisini kwetu, akaandika namba za mistari kwa rangi nyeusi. Alitaka tuliache pale, tupige picha, wanafunzi waone. Nilimnunia hadi Chala.

Mbele ya Chala tuliacha barabara kuu, baadaye tukaacha na gari, tukatembea zaidi ya saa moja upepo ukitupiga usoni. Namba za mahali tulipo kwenye simu hazikutaka kutulia. Ukisogea huku zinapungua, ukirudi zinazidi. Watu wazima watano tukawa tunazungukazunguka kwenye shamba la ulezi uliokwisha kuvunwa, kila mmoja kainamia simu yake, tunapigana vikumbo. Nikawafokea wote. Mwishowe mwalimu wa Fizikia akasema, "Hapa," akachimba kidogo kwa kisigino, akaliweka jiwe lake.

Picha hatukuwahi kupiga. Mwanamke mzee alikuja mbio na jembe mkononi. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika marahaba huku macho yakiwa kwenye jiwe, kisha akalikalia.

"Shemeji yangu ndiye amewatuma," akasema.

"Hakuna aliyetutuma, bibi. Sisi ni walimu."

Hakuamini, na ningekuwa yeye nisingeamini. Mumewe alifariki mwaka juzi. Tangu hapo shemeji anamwambia shamba ni la ukoo, na mnunuzi keshapatikana, wanaosubiriwa ni wapimaji tu. Nasi tumekuja na simu zetu, tumelizunguka shamba lake lote, tumeweka jiwe jeupe lenye namba. Nilimtazama mwalimu wa Fizikia nikatamani kumzaba kofi.

Nikachuchumaa mbele ya yule bibi, nikajaribu kumfundisha. "Hii mistari haipo, bibi. Ni ya kwenye ramani tu. Ardhini hakuna kitu."

"Kama haipo, jiwe la nini?"

Tulimwomba ainuke tuliondoe, tukamwapia kwamba hatutarudi. Akatikisa kichwa. Kisha akanitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa mwanamke peke yangu kati yetu watano.

"Wewe ni mwalimu. Niandikie kwamba shamba ni langu. Nitainuka."

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, gari liko mbali, nilitaka kuondoka. Nikachana karatasi kwenye daftari. Nikaandika kwamba shamba hili, lililopo nyuzi nane kusini na thelathini na moja mashariki, ni la mama huyu. Nikaandika jina lake kama alivyonitajia, nikaweka sahihi, na wenzangu wakaweka zao. Ilipendeza kuitazama, naona aibu kusema. Bibi aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akainuka. Tukalibeba jiwe letu.

Alitusindikiza hadi njiani, amenishika mkono, uso umemchangamka. Akanieleza alivyohangaika na ofisi ya kijiji kutafuta hati. Mara mbili amekwenda kwa miguu asimkute mtendaji. Mara ya mwisho wamemwambia aje Jumatatu bila kukosa, mtendaji atakuwepo, na wazee wanaoujua mpaka watakuwepo.

"Sasa siendi tena," akasema. "Umenimalizia kazi, mwanangu. Mungu akubariki."

Karatasi ile haikuwa na nguvu yoyote. Hakuna ofisi ambayo ingeipokea, na mimi nilijua hilo tangu ninaiandika. Ilitosha kumwambia sentensi moja: Jumatatu nenda, bibi. Lakini angeomba nimweleze kwa nini, na pengine angerudi kulikalia lile shimo, na wenzangu walikuwa wameshatangulia.

"Amina, bibi," nikasema, nikautoa mkono wangu taratibu, nikaongeza mwendo.