Jumla ya Ng'ombe wa Baba

Baba yangu hajawahi kumwambia mtu ana ng'ombe wangapi. Kwetu Mungaa ng'ombe hutajwa kwa rangi, kwa pembe, kwa tabia. Ukiwataja kwa idadi umewatakia mabaya. Msimu uliopita wachanjaji walipouliza, mzee alijibu "wapo wapo tu." Dozi zikaisha kabla ya kufika kwa ndama, na homa ya mapafu ikatuondolea watatu. Nililia kwa hasira zaidi ya huzuni.

Mimi huandika programu za simu mjini Singida. Msimu huu afisa mifugo alitaka orodha ya kila boma itumwe kwa simu, ili dozi zije za kutosha. Nikaapa mzee wangu ataingia kwenye orodha bila kutamka namba. Nilitafuta maktaba huria, yaani msimbo wa programu uliokwisha kuandikwa ambao yeyote anaruhusiwa kuuchukua bure na kuurekebisha, nikakuta zote zinadai idadi. Basi nikaanzisha yangu. Mfugaji anagusa picha ya ng'ombe, anachagua rangi na pembe, anaenda kwa mwingine. Nilipoiweka hadharani mtandaoni, na leseni yake na maelezo yake, nilicheka kwa furaha. Nilijiona mjanja kuliko dunia nzima.

Ujanja huo ulidumu siku nne. Nyumbani, baada ya shikamoo na chai, baba alishika simu yake, jirani akichungulia. Akamgusa mwekundu mwenye baka, akamgusa mweusi asiye na pembe, anacheka kama amewakuta malishoni. Alipomaliza, chini kwenye kioo likatokea neno Jumla, na mbele yake namba. Akaifunika haraka kwa kiganja.

"Binti yangu, umenihesabia ng'ombe mbele ya mtu?"

Na mimi ni mtoto wa mfugaji! Jumla niliiweka kwa mazoea tu, kwa kuwa kila fomu ina jumla. Nilifuta orodha yote, nikaomba radhi, naye akasema programu hiyo asiione tena.

Zilibaki wiki mbili wachanjaji waje. Kila nilipoiondoa jumla, orodha iligoma kutumwa kwenye simu za zamani kama ya baba. Nikaandika tatizo langu wazi kwenye ukurasa wa maktaba, pamoja na sababu yake: kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Nilitegemea kuchekwa. Asubuhi ya tatu akajibu mtu wa nchi ya mbali nisiyowahi hata kuisikia vizuri: "Hata kwetu, na mimi nafuga." Chini yake aliweka mistari kumi na moja ya msimbo. Jumla haipigwi tena kwenye simu ya mfugaji, inapigwa ikifika kwa afisa. Nikaijaribu kwenye simu mbovu kuliko zote nilizonazo. Ikatuma! Niliruka hadi kiti kikaanguka, nikaipokea mistari yake ndani ya maktaba huku napiga vigelegele peke yangu.

Baba alikataa hata kunisikiliza, mpaka nilipomwambia aliyetengeneza ni mfugaji.

"Mfugaji kweli?"

"Kweli, baba. Afisa atajua idadi, ila hataitamka."

"Asithubutu. Haya, lete simu."

Siku ya chanjo afisa alishusha boksi lake, akasalimia, akaanza kazi bila kuuliza lolote. Mimi nilisimama kwenye ua wa boma, macho kwenye ndama. Walishikwa mmoja mmoja, wakachomwa, na wa mwisho alipoachiwa akakimbilia kwa mama yake, boksi bado lilikuwa na dozi. Nikapiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Baba hakunikaripia. Alikuja akasimama karibu yangu, akaniambia nitoe simu.

"Mwandikie yule mwenzetu. Mwambie ndama wamepata wote. Halafu muulize, wa kwake wazima?"