Jua Lilihama

Fundi wa fremu hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiletewa picha, hufuta viganja kwenye aproni, huiinamisha dirishani, kisha huipitishia kidole hewani bila kuigusa, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Ndivyo alivyoipokea picha ndogo aliyoileta mwalimu mmoja: sura ya marehemu mama yake, rangi tatu tu, kazi ya baba yake siku mama alipofariki. Jioni ile mwalimu, wakati huo bado mwanafunzi, alirudi kutoka bwenini, akamkuta mama ameshafunikwa shuka na baba ana rangi mikononi. Mke anakata roho, mume anachezea brashi! Miaka tisa hakumsemesha baba yake.

“Weka fremu yoyote, fundi. Shangazi ndiye aliyenisihi niilete.”

Fundi alikohoa kidogo. “Tazama, dada. Kivuli cha pua kimelalia kushoto, huo ni mwanga wa asubuhi. Cha kidevu kimelalia kulia, hapo ni alasiri. Jua lilihama, aliyechora hakuhama.” Sauti yake ikashuka. “Na midomo hii imekwanguliwa, ikapakwa tena, mara nyingi. Kila ikisogea, alianza upya.”

“Ikisogea?”

“Mama alikuwa anaongea naye.”

Mwalimu alikaa bila kukaribishwa. Fundi akampa mgongo, akawa anapanga mbao ambazo hazikuhitaji kupangwa. Mwalimu alitoa simu, akaiacha iite mpaka ikapokelewa.

“Shikamoo, baba,” alisema. “Ni mimi.”