Ndengu na Mbaazi Juu ya Ramani

Safu yetu ya maduka ya zamani pale Migwani ina kuta za mawe, mabati yenye kutu na baraza ndefu mbele. Kwenye baraza hiyo nimeshona nguo tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa tumboni. Kwa hivyo wapangaji miji wawili kutoka kaunti walipokuja kusema kwamba safari hii wananchi wenyewe wataamua mtaa utengenezwe vipi, mdomo uliitikia amina lakini moyo ulikuwa na swali. Baraza ikivunjwa, cherehani yangu ingeenda wapi?

Tulikutana kanisani. Walitandaza sakafuni ramani kubwa tuliyoichora wenyewe, wakampa kila mtu fungu la nafaka: ndengu uweke panapofaa kubaki, mbaazi panapofaa kuondolewa. Ndengu zangu zote niliziweka kwenye baraza. Mbaazi zote nikazimwaga kwenye bucha ya jirani, maana nzi wake hujaribu nguo zangu kabla ya wateja. Sikuona haya hata kidogo.

Niliporudi kuangalia, baraza yangu ilikuwa imefunikwa na mbaazi! Watu niliowashonea nguo za harusi! Nilitaka kupasuka.

Kisha tukaambiwa tufumbe macho, mchungaji ayaombee matokeo. Mchungaji wetu hana ombi fupi. Tulipofumbua, susu mmoja, bibi kizee anayeuza nafaka sokoni, alikuwa ameketi kando ya ramani, kazi imekwisha: ndengu rundo huku, mbaazi rundo kule, na vijiwe viwili pembeni.

"Susu, umefanya nini?" mpangaji akalia.

"Mlikuwa mmechanganya," akajibu. "Hakuna mtu atanunua hii kitu hivi."

Hakuna aliyemlaumu. Kwetu, mikono ya mwanamke ikiona mbaazi ndani ya ndengu haingoji ruhusa. Mimi nilicheka mpaka leso ikafunguka.

Wapangaji, wakiwa hawana tena matokeo, wakaamua tutoke nje, tusimame mbele ya kila mahali na kusema kwa sauti. Hapo mambo yakageuka. Mbele ya cherehani yangu watu walitazama viatu vyao. Mwenye bucha akasonga mbele.

"Huyu mama abaki," akasema. "Hata mvua ikinyesha, sisi wote tunasimamanga hapa kwake."

Wote wakaafiki. Tukasogea hadi kwenye bucha. Macho yakanigeukia mimi, jirani wa karibu, naye mwenye bucha akanitabasamia. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Abaki," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. "Abaki, lakini..."

"Lakini nini, mama?" mpangaji akauliza, kalamu tayari.

"Aweke wavu wa nzi."

Watu wakaangua kicheko, na mwenye bucha akacheka kuwashinda. Kisha akaniinamia sikioni.

"Mama, nisamehe. Kule ndani nilikuwekea mbaazi. Lakini mbili tu."

Nilimsamehe pale pale. Mpaka leo sijamwambia mimi nilimwekea ngapi.