Aliyekufa Anapisha

Salle yangu, ukumbi wa michezo ya televisheni, iko commune ya Tshopo, hapa Kisangani, kwenye barabara inayoshuka kwenda darajani, na hakuna mtu wa upande ule asiyeijua. Niliijenga mwenyewe. Sisemi nilijengewa, nasema nilijenga: matofali nilichoma mimi, bati nilipigilia mimi, na televisheni nilizileta moja moja juu ya toleka, ile baiskeli ya kubeba watu niliyokuwa nikiiendesha nilipokuwa sina kitu. Shule niliiacha msingi. Leo wanafunzi wa chuo wakiingia kwangu wananiita Patron, tena kwa adabu. Watu watasema najisifu. Bon, najisifu. Mtu ambaye hakupewa kitu ana haki ya kusimulia alivyokipata.

Kwenye televisheni za mbele watu wanacheza mpira. Hiyo kila salle ya Kisangani inayo. Ya kwangu peke yangu ni ile ya nyuma kabisa, karibu na dirisha lililozibwa kwa ubao. Pale tunacheza mchezo tunaouita Kufakufa. Jina lake la kweli limeandikwa kwa lugha nisiyoisoma na sijawahi kuhangaika nalo. Ni mchezo wa nchi iliyooza: majumba ya mawe yameanguka, wafalme wameingiwa na wazimu, mashujaa waliokufa zamani bado wanatembea na mapanga yao. Wewe ni mtu mmoja tu, mdogo, una shoka au upanga uliouchagua, na kila kitu mle ndani kinataka kukuua. Na kinakuua. Unarudi penye moto mdogo ulipopumzika mara ya mwisho, unapita njia ile ile, unafika kwa mnyama yule yule, unakufa tena.

Mpira una mwisho wake, mechi ikiisha unaondoka. Kufakufa hauishi. Mtu mmoja angeweza kushika manette, kile kidude cha kuchezea, tangu asubuhi mpaka mama yake aje kumtafuta. Ndipo nilipotunga sheria, nikaiandika ukutani kwa makaa: ALIYEKUFA ANAPISHA. Ukifa, unampa manette aliye karibu nawe, unaenda kukaa mwisho wa benchi. Anayefuata anaendelea na mtu yule yule, upanga ule ule. Nasikia kwingine kila mtu anaucheza peke yake chumbani, amefunga mlango. Kwetu benchi zima ni mtu mmoja. Kifo cha jirani yako unakitazama kama mwanafunzi anavyotazama ubao, kwa sababu zamu yako inakuja.

Sasa niseme habari ya mdogo wangu.

Sisi ni wa tumbo moja. Yeye alikaa ng'ambo ya mto, upande wa reli ya Ubundu, na mke wake. Alilima, alinunua samaki wakavu na kuwauza. Halafu watu wenye silaha waliingia kijijini kwao. Ni watu gani na kwa nini, kila mtu anasimulia kwa namna yake, nami siingii humo. Mdogo wangu alivuka kwa mtumbwi akiwa na shati moja. Mke wake hakuvuka. Ilikuwaje, hakusema. Hakusema kitu chochote. Nyumbani kwangu alikula lituma, ndizi za kupondwa, alipopewa, akaitika aliposalimiwa, basi.

Na asubuhi alikuwa anatoka. Siku moja mama anayeuza chikwangue, mikate ya muhogo, karibu na daraja alimwambia mke wangu: "Mama, ule shemeji yako anasimama pale kila asubuhi. Anaangalia maji. Haangalie samaki."

Kuanzia siku hiyo nilimleta salle. Sikumleta acheze, nilimleta ili macho yangu yamwone. Benchi la nyuma alilichagua mwenyewe. Siku ya kwanza alitazama tu. Siku zilizofuata manette ilipomfikia aliichukua, akafa, akapisha, kama wengine.

Mke wangu alipojua, aliweka sufuria chini.

"Papa watoto, weye iko na akili kweli? Mutu ametoka kwa kifo, unamuweka mbele ya kifo kwa televisheni?"

"Ile ni muchezo tu."

"Kama ni muchezo, mbona munaita Kufakufa? Mungeita Ponapona."

Mimi huwa nina jibu la kila kitu. Hilo nililifuata kwa wateja. Donc nilienda benchi la nyuma kuwauliza wenyewe: utamu wa kitu hiki uko wapi? Dereva mmoja wa moto, pikipiki ya kubeba abiria, mtu wa kucheka sana, ambaye kofia yake ya kazi haitoki magotini, alinigeukia.

"Patron! Unauza kintu, hata utamu yake hujue?"

"Muuza lotoko, ni lazima alewe?"

Walicheka. Halafu akasema kwa uzito kidogo: "Angalia. Ile nyama haiongopi. Mbele ya kukupiga, inainua bega. Leo bega ile, kesho bega ile. Ukikufa, iko makosa yako, na makosa yako unaweza kuitengeneza. Sasa camion ikikufinya barabarani, imeinua bega gani?"

Pembeni yake alikaa mama mmoja muuguzi, anayekuja akitoka kazini na mkoba wake mapajani. Huyo ana mkono mtulivu kuliko wote. Alijibu bila kutoa macho kwenye kioo.

"Kule kwa kazi yangu mutu akikufa, amekufa. Naenda nyumbani najiuliza: kama ningefika mbele kidogo? Kama ningeshika hivi, si vile? Hakuna mutu wa kunijibu. Hapa wananijibu palepale. Narudi, najaribu kushoto. Nakufa, lakini nakufa mbele ya pale nilikufa jana."

"Na hiyo ni furaha?"

"Patron, mutu akitembea hatua moja mbele, weye unataka nini tena?"

Nilianza kutazama vizuri, na niliona mambo ambayo sikuyaona tangu nilipoanza biashara hiyo. Mle hakuna anayekueleza kitu. Unaokota pete kwenye mkono wa askari aliyekauka, na benchi zima linabishana alikuwa nani, alimpenda nani, kwa nini alifia mlangoni na si vitani. Kuna siku walipotea ndani ya ngome, wameishiwa dawa, wanaogopa kila kona. Muuguzi akafungua mlango mmoja mzito, na nje yake kulikuwa na ule moto mdogo, pale pale walipoanzia. Njia yote ile ndefu ilikuwa inazunguka. Benchi lilisimama. Watu wa mpira waligeuka kuuliza nani amefunga. Nimeona watu wakipokea urithi bila kufurahi vile.

Mnyama wao mkubwa alikaa kwenye uwanja wa kanisa lililobomoka, akiburuta kengele iliyovunjika kwa mnyororo. Walimwita Tonton, yaani mjomba, kwa sababu alikuwa mkubwa, mwenye ndevu, na akikukasirikia huna pa kwenda. Hakuna aliyewahi kumuua.

Mchana mmoja dereva alikufa kwa Tonton, akapiga goti lake kwa hasira. Ndipo sauti ikatoka mwisho wa benchi, ndogo, imekauka:

"Anavuta pumzi kwanza."

Ilikuwa sauti ya mdogo wangu. Dereva aligeuka polepole, kama mtu aliyesemeshwa na ukuta.

"Umesema?"

"Mbele ya bega. Kifua inapanda. Anavuta pumzi."

Muuguzi alijaribu. Ilikuwa kweli. Nilitoka nje kuangalia jenereta, ingawa courant, umeme wa mji, ilikuwepo, na nilikaa kule mpaka uso wangu ukakauka.

Nilidhani tumevuka. Hatukuvuka. Alisema maneno machache ya mchezo, lakini asubuhi aliendelea kushuka darajani.  Na akishakufa kwa Tonton, alibaki anatazama kioo, midomo inatembea bila sauti. Mke wangu alikuja kumchungulia, akanivuta nje.

"Ile macho ni ya darajani. Ni ile ile. Jumamosi utoe ile disque ya Kufakufa. Akiingia majini, nani atamuambia mama yenu? Weye? Hapana. Itakuwa mimi."

Nilikubali. Mimi, ambaye hapa mjini hakuna anayenipa amri, nilikubali.

Jumamosi mchana salle ilikuwa imejaa. Nilienda moja kwa moja nyuma, nikasimama mwisho wa benchi, mkono tayari. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na manette, na Tonton alikuwa amebakiza uzi wa damu, kile kistari chekundu chini ya kioo kimekuwa kama unywele.  Nikajiambia: amalize hii, halafu natoa. Tonton akavuta pumzi, bega likapanda, mdogo wangu akapita chini yake, akapiga, akapiga tena. Halafu mnyororo ukarudi kutoka nyuma.

"Aaaah!" benchi zima.

Wengine walishika vichwa. Yeye aligeuka kutafuta wa kumpa manette, na aliye karibu nilikuwa mimi.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi kaka yake. "Aliyekufa anapisha."

Niseme ukweli ambao wateja wangu hawakuujua: sikuwa nimeshika ile manette hata mara moja. Mtu aliyejenga kama nilivyojenga hapendi kuonekana akifa mbele ya watu. Lakini dereva alikwisha kupiga makofi. "Patron! Patron! Leo tutaona chef de l'entreprise, mukubwa mwenyewe!" Hata wa mpira wakaja. Nilikaa.

Nilitembea ile njia vizuri, hilo walikubali. Niliingia uwanja wa kanisa. Tonton aligeuka na kengele yake, akaja, na vidole vyangu vikafanya kile ambacho mwili ulitaka. Nikageuka, nikakimbia. Alinipiga mgongoni, nikalala.

Dereva alianguka chini kwa kicheko. "Hata salamu hamukupeana! Patron, sheria yako iko kwa ukuta, pisha!"

Nilicheka pamoja nao, kwa meno. Mdogo wangu hakucheka.

"Yaya, umekimbia."

"Ungetaka nifanye nini?"

"Usikimbie. Ukimupa mugongo, njo anakumaliza. Unaingia ndani, kwa tumbo yake. Pale mukono yake haifike."

 Macho yake yalikuwa kwenye kioo, kule penye moto mdogo, mtu wetu amerudi amekaa.

"Siye tulikimbia," akasema. "Nilimuambia: kimbia, usiangalie nyuma. Alinisikia. Hakuangalia nyuma. Walimupiga kwa mugongo."

Mbele mtu alifunga bao, watu wakapiga kelele. Kwetu nyuma dereva alikuwa bado chini, na kicheko kilikuwa kimemtoka. Muuguzi aliweka mkoba wake sakafuni, akamshika mdogo wangu mkono, vile anavyowashika watu wake kazini.

"Nikirudi pale," mdogo wangu akamwambia yeye, si mimi, "narudi kutokimbia."

Nimeshachimba msingi wa nyumba kwa mikono, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama maneno hayo. Je, mke wangu alisema kweli? Nilikuwa nimemuweka pale kila siku atazame kifo cha mke wake, tena na tena, kwa courant yangu mimi? Au pale ndipo mahali pekee duniani alipopewa kusimama? Sikujua. Leo pia nikiulizwa nitasema sijui, na mimi si mtu wa kusema sijui.

Dereva aliinuka, akachukua manette, halafu akamrudishia. "Cheza weye, ndugu yangu. Zamu yangu nakupa."

"Hapana. Sheria iko sheria. Weye, halafu mama, halafu miye."

Dereva alifika tu mlango wa kanisa, courant ikakatika. Televisheni zote zikazima. Wa mbele wakaanza: "Patron, jenereta! Patron!" Sikuinuka. Nilikuwa namtazama mdogo wangu, kwa sababu alikuwa amesimama, anatafuta sandali zake, na mlango wa salle yangu unaangalia barabara ya daraja. Nikasimama nami.

Alifika mlangoni, akageuka.

"Mama, kesho munichungie nafasi yangu."

"Kesho Jumapili, niko kazini asubuhi," muuguzi akajibu. "Nitafika saa tisa."

"Bon. Kesho, saa tisa."

Mtu anayetazama maji haagizi nafasi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia nikimwacha atoke, na nilikuwa nahitaji kujiambia kitu. Disque ilibaki ndani. Nyumbani nilimkuta mke wangu anatwanga lituma, nikamwambia: "Ameomba nafasi ya kesho." Alishika mchi hewani kidogo, akautua.

"Basi kesho umusindikize weye mwenyewe. Na Jumatatu. Na asubuhi pia, kule darajani."

Namsindikiza. Tunasimama pamoja, tunatazama maji. Siku nyingine tunarudi kupitia kwa yule mama wa chikwangue, siku nyingine anataka kubaki, nami nabaki.

Mchana nakaa benchi la nyuma, zamu yangu baada ya yake. Mwanzoni niliogopa kwamba Tonton atamuua mdogo wangu. Sasa naogopa siku ambayo Tonton atakufa, kwa sababu sioni kesho yake mdogo wangu atarudi salle kufanya nini. Bega nimelijua, pumzi nimeijua, tumboni nimefika mara nyingi. Juzi Tonton alibaki na unywele ule ule wa damu mbele yangu, mnyama amechoka, kifua kimepanda, na nilijua pa kuingia. Nikampa mgongo.

"Patron hajue kucheza kabisa!" dereva akapiga kelele.

Nilimwacha aseme, nikampisha.